Majina Matatu ya Wabanguaji

Kalamu nyekundu ya Bwana Fidelis haikuwa na huruma. Kila alipokuta neno limerudi mara ya pili katika ukurasa mmoja alilizungushia duara, kisha akayaunganisha maduara yote kwa mistari, hata karatasi ikafanana na wavu ulionasa samaki wa aina moja tu. Aliiweka mezani mbele ya Benadetha akabaki amesimama, miwani mkononi.

"Wabanguaji, wabanguaji, wabanguaji," alisema. "Mwanamke msomi kama wewe! Wafadhili watasema ofisi ya Lindi imeishiwa Kiingereza."

"Lakini ni wabanguaji, bosi. Wanabangua korosho."

"Najua wanabangua. Watafutie neno jingine."

Akawatafutia. Hiyo ilikuwa miaka miwili kabla ya mgeni wa wafadhili kuja, na wakati ule Benadetha hakuona ubaya wowote. Aya ya kwanza ya taarifa yake ya Kiingereza ilisema wabanguaji wa Mtama wamepata mafunzo ya usafi. Aya ya pili ilisema mafundi wamejengewa banda. Aya ya tatu ilisema wanawake wajasiriamali wameanza kupeleka korosho zao kwa wachuuzi wa Somanga, wanaowauzia abiria wa mabasi ya Dar es Salaam. Walikuwa wanawake wale wale, banda lile lile, korosho zile zile. Bwana Fidelis alisoma bila kufungua kifuniko cha kalamu, akasema, "Umeona? Sasa inasomeka."

Ofisi ya mradi ilikuwa nyumba ya kupanga mjini Lindi. Chumba cha Benadetha kilikuwa cha nyuma, dirisha lake likitazama ukuta wa jirani ambao mvua za miaka mingi zilikuwa zimeuchora ramani za nchi zisizokuwepo. Asubuhi alitoka Mitwero, alikoishi, kwa bajaji, jioni akarudi Mitwero kwa bajaji, na katikati alikaa kwenye kiti ambacho seremala alikipunguza miguu kwa ajili yake. Alikuwa na miaka arobaini na miwili. Aliwahi kuolewa, ndoa ilikufa bila kelele, na watoto hawakuja. Wenzake walikwenda vijijini wakarudi na vumbi viatuni, mihogo waliyopewa, na visa vya kuchekesha. Walimwachia habari zao kwa Kiswahili cha haraka haraka, naye akazigeuza zikawa Kiingereza kizuri. Alijua bei ya korosho ya vijiji ambavyo hakuwahi kuvikanyaga.

Kiingereza hicho alikipata shule ya masista, kwa Mwalimu Romani, mzee mwembamba aliyevaa koti hata Novemba, wakati kuku wenyewe hutembea midomo wazi. Mwalimu Romani alikata alama kwa kila neno lililorudiwa katika insha. Neno lililokwisha kutumika, alikuwa akisema, ni sahani iliyokwisha kuliwa. Humpakulii mgeni wa pili bila kuiosha. Wasichana waliandika visawe viganjani kwa wino, wakavilamba kengele ikilia. Benadetha hakuhitaji kulamba kitu. Maneno yalimkaa. Akitaka kusema mtu alitembea, Kiingereza kilimletea watembeaji kumi, kila mmoja na mwendo wake, naye akachagua amtakaye. Alizawadiwa kamusi ya visawe mbele ya wazazi, na mama yake, Natalia, ambaye Kiingereza hakukijua hata cha salamu, alipiga vigelegele mpaka akakohoa.

Mama huyo huyo, jioni za likizo, alipomsimulia hadithi alisema sungura akaenda, akaenda, akaenda, akaenda, mpaka msikilizaji naye miguu ikamuuma. Hakuna aliyemkata alama. Pale nyumbani kurudia ndiko kulikokuwa safari yenyewe. Usiporudia, sungura hafiki. Benadetha aliziweka lugha hizo mbili katika vyumba mbalimbali, akafunga mlango wa kati. Hakujua kwamba siku moja atajikuta upande mmoja, na ufunguo uko kwa watu wengine.

Alichokitaka sasa kilikuwa kidogo: kurudi Mtama, alikozaliwa. Mradi ulikuwa na nafasi ya afisa wa uwandani pale, na mama yake alikuwa pale, akipoteza macho. Presha ya macho, walisema hospitali. Kilichokwenda hakirudi, kilichobaki kitunzwe. Natalia alikuwa bado anaona mwanga na kivuli. Aliona kwamba mtu amesimama mlangoni, ila hakujua ni nani. Binti wa jirani alimtilia dawa alipokumbuka. "Njoo nikuone ningali naona," alisema kwenye simu, bila kulia, kama mtu anayeagiza chumvi.

Benadetha aliiomba nafasi ile. Bwana Fidelis alicheka kwa upole. "Ukienda uwandani nani ataandika? Mimi? Mimi nikiandika, wiki ijayo tunafunga ofisi." Akaiomba tena. Safari hii Fidelis hakucheka. Alisema awamu ya pili ya mradi ikipitishwa ataajiri mwandishi mwingine, na yeye Benadetha atakwenda Mtama hata kesho yake. "Nakuahidi, dada yangu. Mbele ya Mungu. Wewe tuvushe tu."

Basi akaandika kama mtu anayechimba handaki kwa kijiko. Wabanguaji, mafundi, wajasiriamali. Aliwazungusha vizuri, taarifa baada ya taarifa, na hakuna neno lililojikwaa juu ya jingine.

Barua pepe ya wafadhili ilifika Jumatatu moja. Mgeni wao angekuja kuona kazi kabla ya kuamua juu ya awamu ya pili. Waliisifu ofisi ya Lindi kwa taarifa zake, wakasema ni nadra kukutana na watu wanaoandika hivi. Kisha wakapanga ratiba ya siku ya Mtama: asubuhi kikundi cha wabanguaji, mchana kikundi cha mafundi, alasiri kikundi cha wanawake wajasiriamali. Katika bajeti mpya, waliongeza, zimetengwa mashine tatu za kubangulia, moja kwa kila kikundi.

Bwana Fidelis aliisoma akiwa amesimama. Akakaa, akaisoma tena.

"Kikundi cha mafundi ndicho kipi?"

"Ni wabanguaji."

"Na wajasiriamali?"

"Ni wabanguaji, bosi."

"Uliwaandikia vikundi vitatu?"

"Sikuandika vitatu. Niliandika kimoja kwa majina matatu. Wewe ulisema nisirudie neno."

Fidelis alivua miwani akajisugua macho. Alionekana mzee ghafla, na Benadetha akamwonea huruma, kwa sababu hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na watoto watatu shuleni na bosi wake mwenyewe Dar es Salaam.

"Tuwaandikie," alisema Benadetha. "Tuseme ukweli, ni lugha tu iliyotuponza. Sentensi mbili zinatosha."

"Sentensi mbili." Fidelis alitikisa kichwa. "Ukiwaambia kikundi ni kimoja, watauliza viwili viko wapi. Utawajibu ni visawe? Mkaguzi hajui visawe, dada. Mkaguzi atasema tumekula vikundi viwili."

"Kikundi hakiliwi."

"Nchi hii vimeliwa vitu vikubwa kuliko kikundi."

Benadetha alijaribu kuitunga ile barua ya ukweli kichwani, na kila alivyoigeuza ilisomeka kama barua ya mwizi. Ubaya wa ukweli uliochelewa ni kwamba hufika ukiwa umevaa nguo za uongo.

"Kule Mtama tuna wanawake wangapi?" aliuliza Fidelis.

"Wanafika thelathini na kitu."

Fidelis akavaa miwani. "Wanatosha," alisema.

Walikwenda Mtama siku chache kabla ya mgeni. Mwenyekiti wa kikundi alikuwa Bi Mwahija, mzaliwa wa Kilwa Kivinje aliyeolewa bara tangu msichana; pwani ilimtoka miguuni, mdomoni haikumtoka. Aliwapokea bandani, majivu mikononi, kwa maana wabanguaji hujipaka majivu ili mafuta ya maganda yasiwaunguze.

"Shikamoo, Bi Mwahija," alisema Benadetha.

"Marahaba, mwanangu. Na wewe, shemeji, shikamoo imekukwama kooni? Au umeona nimerudi usichana?" Fidelis alikuwa ameoa Mtama, na wanawake wa kikundi kizima walimhesabu shemeji, hivyo kumtania ilikuwa haki yao.

"Shikamoo, bibie."

"Marahaba. Haya, semeni. Nyuso zenu zinanuka jambo."

Fidelis akaeleza. Alieleza kwa kuzunguka, na wanawake waliacha nyundo zao za mbao wakasikiliza. Alipomaliza, kicheko kikaanzia pembeni kikaenea banda zima.

"Kwa hiyo wafadhili wanatuona watatu watatu," alisema Fortunata, mwanamke mrefu mwenye ulimi mwepesi. "Mbona mume wangu huona hivyo akitoka kilabuni?"

"Si wafadhili, ni huyu!" Bi Mwahija alimnyooshea Benadetha kidole cheupe kwa majivu. "Binti wa Natalia! Mume wangu ameniita jina moja tangu anipose, tena baya. Wewe umenipa matatu bila hata kuniuliza."

"Mimi nataka fundi," alisema mmoja. "Fundi ni heshima."

"Sare je?" aliuliza Fidelis. "Lazima kila kikundi kiwe na sare yake."

Hapo akawa amegusa mahali penyewe. Hakuna harusi wala msiba Mtama ambao wanawake hawakushonea sare, na kila mmoja wao alikuwa nazo ndani ya sanduku, Mwislamu kwa Mkristo. Wakaanza kuzitaja kama watoto wanaotaja pipi. Walikuwa na kanga za maulidi. Walikuwa na vitenge vya kipaimara cha mwanawe Fortunata. Na walikuwa na ile ya bluu ya msiba wa mzee Dadi.

"Ya msiba hapana," alisema Fidelis.

"Ya msiba ndiyo nzuri!" walimjibu kwa pamoja. "Hata marehemu angeipenda."

Ikapangwa kwamba watajigawa, kila sare na watu wake, lakini mgao haukukubali. Wengine walikuwa na watoto wagonjwa, wengine wana vibarua, na kikundi cha watu wanane kingedhihaki mashine ya watu thelathini. Mwishowe wakakubaliana kuwa wenye mbio watatokea zaidi ya mara moja. Bi Mwahija alisema yeye atatokea mara zote.

"Wewe unajulikana, Mwenyekiti," alisema Fidelis. "Umbo lako halifichiki."

"Nisitokee kwenye kikundi changu mwenyewe? Nimezaa saba, shemeji, nishindwe kubadilisha kilemba?"

Wengine walipokuwa wanagombea vitenge, Benadetha alimvuta kando. "Bi Mwahija, hamwoni kwamba ni vibaya?"

Yule mama alimtazama bila utani. Alijifuta majivu upande wa kanga, akamwonyesha viganja. Ncha za vidole zilikuwa nyeusi na laini kama ngozi ya ngoma. Mafuta ya maganda yalikuwa yameila mistari yote. "Nilipokwenda kuandikishwa kitambulisho, ile mashine ilikataa kidole changu," alisema. "Ikakataa cha pili, ikakataa cha tatu. Binti aliyekuwa pale akaniuliza, bibi, vidole vyako umevipeleka wapi? Sasa wewe umeandika, mashine tatu zinakuja. Unataka nikuambie ni vibaya? Ungetuandika mara sita."

Kabla ya kuondoka Benadetha alikimbilia kwa mama yake, mwendo wa kutupa jiwe kutoka bandani. Natalia alikuwa ameketi kizingitini.

"Nani?"

"Ni mimi, mama."

Natalia alimpapasa uso, paji la uso kwanza, kisha mashavu, kama anayekagua embe. "Umekonda, au vidole vyangu vimenenepa?"

"Nimekonda kidogo. Nikihamia huku nitanenepa. Huyu mgeni akiridhika tu, mama, nahamia."

"Mwombeeni aridhike, basi," alisema Natalia, na Fidelis akapiga honi barabarani.

Mgeni alikuwa mwanamke wa makamo, mpole, aliyeongea kidogo na kuandika kwa penseli. Hakuwa na miwani ya jua wala walinzi. Asubuhi alikaa bandani na wabanguaji waliovaa kanga za maulidi, akajaribu kuvunja korosho moja, ikamrukia, wakacheka wote. Akapewa mkono na mwenyekiti, Bi Mwahija.

Mchana alipelekwa kwa mafundi, waliomngojea ukumbi wa kanisa. Ukumbi ulikuwa karibu, lakini Kibwana, dereva wa mradi, aliagizwa apite njia ya mbali. Akamzungusha mgeni mpaka barabara kuu, akamwonyesha mnara wa simu, akasimama kukagua gurudumu lisilo na tatizo. Wakati huo wanawake walikuwa wanakatiza mikoroshoni kwa mbio, viatu mkononi, vitenge vya kipaimara vimefungwa juu ya kanga za maulidi. Benadetha aliyekuwa garini aliwaona kwa mbali kati ya mashina, wamejikunja, wakivibana vinywa wasicheke. Alitamani kushuka akimbie nao. Ukumbini mgeni alipewa mkono na mwenyekiti wa mafundi, mwenye kilemba cha njano. Alikuwa Bi Mwahija.

Alasiri, uani kwa Fortunata, wajasiriamali walikuwa wamevaa bluu ya msiba. Walikuwa wanatweta. Jasho liliwatiririka, na mmoja wao kitenge alikifunga upande wa ndani nje. Mwenyekiti akatoka na kilemba cheupe, akanyoosha mkono. Safari hii mgeni aliushika ule mkono kwa muda. Aligeuza kiganja akakitazama, akapitisha kidole gumba chake juu ya zile ncha nyeusi zisizo na mistari. Bi Mwahija, ambaye mdomo haukuwahi kumwishia, aliangalia chini.

"Asante sana," alisema mgeni kwa Kiswahili cha kukariri, akauachia.

Jioni Fidelis alibaki kijijini kuagana na viongozi. Benadetha alirudi Lindi na mgeni, wawili kiti cha nyuma, Kibwana mbele akiimba chinichini. Dereva huyo hakujua Kiingereza, kwa hiyo ilikuwa kama wako peke yao.

Benadetha alitazama mashamba yakipita. Akinyamaza, awamu ya pili inapitishwa, anahamia Mtama. Akisema, hakuna anayejua itakuwaje. Lakini alikuwa ameuona ule mkono umeshikwa, na alielewa kwamba mama yule alikuwa amefedheheshwa kwa kalamu yake yeye. Hilo lilimshinda kumeza.

"Ni kikundi kimoja," alisema kwa Kiingereza. "Wote uliowaona leo. Hakuna aliyeiba kitu. Ni mimi. Sikutaka kurudia neno."

Mgeni hakushangaa. Aliendelea kutazama mbele. "Shuleni kwetu pia walikuwa wanakata alama," alisema.

"Nitaandika masahihisho. Nitaandika jina langu, si la ofisi."

"Usiandike." Mgeni alifunga kitabu chake. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyechoka tangu kabla ya safari. "Nilisoma taarifa zako, nikaandika zangu. Mkurugenzi wangu akasoma zangu, akazungumza mkutanoni mbele ya watu wanaotoa fedha: vikundi vitatu. Wamepiga makofi. Sasa vipo. Nikisema ni kimoja, wanafunga Mtama yote, na mimi pia nina bosi. Wale wanawake watapata mashine tatu. Wanazihitaji?"

"Wanazihitaji."

"Basi."

Kibwana alipunguza mwendo, mbuzi wakavuka barabara. Benadetha alingoja ahueni ije. Alikuwa amesema ukweli, na ukweli ulikuwa umepokewa, ukakunjwa, ukawekwa mfukoni.

"Mimi naomba kuhama," alisema. "Kuna nafasi Mtama. Mama yangu haoni vizuri."

Mgeni aligeuka, na kwa mara ya kwanza uso wake ulikunjamana. "Lakini nimewawekea sharti," alisema. "Nilidhani nakutendea wema. Tulipoteza waandishi wazuri kwingine, mradi ukafa. Nimeweka kwenye mkataba wa awamu ya pili kwamba Lindi isibadilishe mwandishi wake. Na sasa, kwa haya uliyoniambia, ukiondoka nani ataandika?"

Ilikuwa sentensi ile ile ya Fidelis, imevuka bahari ikarudi.

Awamu ya pili ilipitishwa kabla ya msimu wa korosho. Bwana Fidelis alinunua soda za ofisi nzima, na aliposoma lile sharti la mkataba aliingia chumba cha nyuma, akafunga mlango, akamwomba Benadetha msamaha. Alimaanisha. Macho yalimlowa. "Mkono wangu umefungwa, dada," alisema, naye akaamini, kwa sababu ulikuwa umefungwa kweli. Nafasi ya Mtama akapewa kijana mmoja, Klementi, aliyetoka chuo. Kiingereza chake kilikuwa kibovu kiasi cha kumweka salama.

Mashine tatu zilifika. Fidelis alidhani zitakaa banda moja, lakini kila moja ilikuja na kibao chenye jina la kikundi chake, na kabla ya mwezi kwisha majina yakaanza kuota miguu. Fortunata na wenzake walisema mashine ya mafundi ni ya mafundi. Wakaihamishia ukumbini, wakachagua mwenyekiti wao. Wajasiriamali wakafuata. Bi Mwahija alibaki bandani na wabanguaji wachache, wengi wao wazee, na alipokutana na Fortunata kisimani walisalimiana kama majirani waliogombania mpaka. Hakuna aliyemlaumu Benadetha. Walimtumia salamu kwa Klementi, kila kikundi salamu zake.

Na kazi ikawa ileile, ila imegeuzwa. Siku moja, kwa mazoea tu, mkono wake uliwaita wabanguaji kwa jina jingine, neno zuri la Kiingereza ambalo hakuwahi kulitumia. Fidelis alikuja mbio na karatasi.

"Hapana, hapana. Unataka tuzae kikundi cha nne? Wabanguaji waite wabanguaji. Kila mahali. Hata mara mia."

"Itachosha kusoma."

"Ichoshe."

Basi akaandika wabanguaji, wabanguaji, wabanguaji, kila ukurasa, na mafundi, na wajasiriamali, maneno matatu yasiyoguswa. Kalamu nyekundu haikuandika kitu. Kamusi yake ya visawe aliiweka chini ya mguu mmoja wa meza, uliokuwa mfupi. Wakati mwingine aliinua macho akautazama ukuta wa jirani, na ramani zile, na akafikiri juu ya wanawake waliokuwa wakicheka pamoja mikoroshoni, viatu mkononi. Hilo hakuliandika popote. Halikuwa na kichwa cha habari cha kuingia.

Jumapili baada ya misa alimpigia mama yake simu kutoka uani Mitwero. Binti wa jirani alipokea, akamwekea Natalia simu sikioni.

"Ni mchana sasa?" aliuliza Natalia.

"Ni mchana, mama. Jua kali."

"Nasikia joto lake. Utahamia lini?"

"Karibuni, mama. Mambo ya ofisi yakitulia."

"Karibuni lini?"

"Mwakani, Mungu akipenda. Kuna mkataba, si unajua. Ukiisha tutaangalia. Bosi amesema atajitahidi. Nitakuja Krismasi, nitakaa siku nyingi. Tuvute subira kidogo tu."

Upande wa pili kulisikika kuku, na mtu akitwanga kwa mbali. Natalia hakuwa na haraka. Siku hizi alisikiliza kama wengine wanavyotazama.

"Mwanangu," alisema, "hayo yote uliyoyasema ni neno moja, umelivalisha nguo nyingi. Mimi mzee, yananipotea. Niambie lile lenyewe. Ni fupi, nitalikumbuka."

Benadetha aliegemea ukuta. Bajaji ilipita barabarani, vumbi likapanda, likatua.

"Siji, mama."

"Haya," alisema Natalia. "Umekula?"